Cyril Garnham, daktari aliyeifuata malaria hadi kwenye kondo la nyuma

Ukihudhuria kliniki ya wajawazito, iwe Tunduma mjini, Vwawa, Itumba au Mkwajuni, kuna siku muuguzi atakupa vidonge vitatu na kikombe cha maji, kisha atasubiri hapo hapo mpaka umevimeza vyote. Vidonge hivyo ni SP, dawa ya malaria. Kichwa hakikuumi, homa huna, na pengine umechomwa kidole ukaambiwa damu yako ni safi. Lakini unameza.

Wasikilizaji wetu, wanawake kwa wanaume, huuliza jambo hili mara kwa mara. Kwa nini mtu asiyeumwa anywe dawa, tena akiwa na mtoto tumboni? Wapo wanaovibana vidonge chini ya ulimi wakaenda kuvitema nje ya zahanati.

Swali lenyewe ni la haki kabisa. Jibu lake limo ndani ya kondo la nyuma, na mmoja wa watu waliolichunguza kondo hilo mapema katika Afrika Mashariki ni daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya kwa zaidi ya miaka 20. Wanaosomea malaria wanamfahamu dunia nzima. Sisi ambao kazi yake inatugusa kila siku ya kliniki ni nadra kumtaja, kwa hiyo leo tumzungumzie.

Kijana wa London afika ziwani

Percy Cyril Claude Garnham alizaliwa London tarehe 15 Januari 1901. Wenzake walimwita Cyril. Alisomea udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, moja ya hospitali kongwe za jiji hilo, na mwaka 1925, akiwa na umri wa miaka 24, aliajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni akapelekwa Kenya. Hakurudi kufanya kazi kwao mpaka mwaka 1947.

Tuseme wazi kwamba alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na huduma za tiba za wakati ule hazikupangwa kwa kumfikiria kwanza mama wa kijijini. Wanawake wengi walijifungulia nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi, na kondo likazikwa kwa desturi ya ukoo. Hilo tuliweke akilini tunapomsoma daktari huyu. Hata hivyo alikuwa na tabia moja ambayo ilikuja kuwafaa watu wengi: hakuchoka kuangalia kwenye hadubini.

Miaka yake ya mwanzo ilimkutanisha na Kisumu, mji wa reli kando ya Ziwa Victoria. Joto lipo, maji yapo, mbu hawakosekani. Mwaka 1929 alichapisha taarifa yake kuhusu malaria ya mji huo. Katika sehemu kama ile, malaria haina msimu wa kupumzika. Mtoto anaugua, anapona, anaugua tena. Wengine hawafiki miaka mitano. Anayefika utu uzima mwili wake unakuwa umejifunza kuishi na vimelea. Anaweza kuwa navyo kwenye damu na bado akaenda shamba, akavua samaki, akacheza ngoma. Hiyo ndiyo kinga ya watu wa sehemu zenye malaria nyingi, kinga iliyonunuliwa kwa bei ya vifo vya watoto.

Baadaye Garnham aliona upande wa pili. Mwaka 1945 aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza kuhusu milipuko ya malaria kwenye nyanda za juu za Kenya, maeneo ya baridi yaliyo zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ambako watu walidhani mbu wa malaria hawezi kufika. Alipofika, aliwaangusha wakubwa na wadogo kwa pamoja, kwa sababu miili yao haikuwa imezoea.

Msikilizaji wa Songwe hahitaji ramani kuelewa hapo. Mkoa wetu una sura hizo mbili. Juu kuna Mbozi ya kahawa na baridi ya Tunduma, ambako mtu anaweza kumaliza mwaka bila kuumwa malaria. Chini kuna Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa, joto na mpunga, ambako chandarua ni sawa na mlango wa nyumba. Na watu wetu hawakai sehemu moja. Binti wa Mbozi anaolewa bondeni, au anashuka na mumewe kulima mpunga akiwa na mimba ya miezi minne. Mwili wake unaingia vitani bila mazoezi.

Kondo linafanya kazi gani

Kabla hatujafika kwenye alichokiona Garnham, tukae kidogo kwenye kondo lenyewe. Wengi tunalijua kama kitu kinachotoka baada ya mtoto, kinaangaliwa kama kimetoka chote, kisha kinazikwa au kuchomwa. Lakini kwa miezi yote ile kondo lilikuwa mapafu ya mtoto, figo zake, utumbo wake na mlinzi wake.

Watu wengi wanaamini damu ya mama inapita moja kwa moja kuingia kwa mtoto kupitia kitovu. Haiko hivyo. Huko London, daktari William Hunter alionyesha katika karne ya 18 kwamba mama na mtoto kila mmoja ana mzunguko wake wa damu. Damu mbili zinakaribiana sana lakini njia zao ni tofauti.

Fikiria mpunga kwenye jaruba. Mizizi imesimama ndani ya maji, inanyonya kinachohitajika, lakini mzizi una ngozi yake na maji yako nje. Kondo liko vivyo hivyo. Upande wa mtoto kuna vijitawi vingi vyembamba, laini kama ndevu za mizizi, na ndani yake inapita damu ya mtoto. Vijitawi hivyo vimesimama ndani ya bwawa la damu ya mama. Mimba inapokaribia kukomaa, karibu nusu lita ya damu ya mama inapita katika bwawa hilo kila dakika. Kondo lenyewe lina uzito wa nusu kilo hivi, lakini ukivikunjua vijitawi vyote na kuvitandaza, eneo lake linafika meta za mraba 10 au zaidi, sawa na sakafu ya chumba kidogo cha kulala.

Kupitia ngozi hiyo nyembamba, hewa safi ya oksijeni inatoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Damu ya mtoto tumboni imeumbwa kwa namna yake, inaikamata oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko damu ya mama, ndiyo maana anaweza kuivuta. Sukari inapita, madini ya chuma yanapita, maji yanapita. Kutoka kwa mtoto zinarudi hewa chafu na taka, mama anazitoa kwa mapafu na figo zake. Na hasa katika miezi ya mwisho, mama anampitishia mtoto chembe za kinga za magonjwa aliyowahi kuyashinda au kuchanjwa. Ndiyo sababu mjamzito anachanjwa pepopunda: mkono ni wa mama, lakini kinga inamfikia mtoto pia.

Sasa chukua jaruba hilo ulijaze tope zito katikati ya mizizi. Maji hayatembei, mizizi haipati chakula. Mpunga haufi siku hiyo hiyo, unadumaa.

Alichokiona mwaka 1938

Garnham hakuwa wa kwanza kuangalia damu ya kondo. Huko Panama, mwaka 1915, Herbert Clark alikuwa ameandika kwamba damu iliyotoka kwenye kondo inaweza kusaidia kutambua malaria. Freetown, Sierra Leone, mwaka 1925, Blacklock na Gordon walichunguza malaria ya wanawake waliokaribia kujifungua na hali ya watoto wao. Kwa hiyo ilishajulikana kwamba kondo lina siri.

Garnham alichapisha kazi yake mwaka 1938, katika jarida la chama cha madaktari wa magonjwa ya nchi za joto huko London. Ilikuwa makala ndefu, kurasa zaidi ya 30, kuhusu kondo la nyuma na malaria, na jicho lake alilielekeza kwenye kinga: mwili wa mama unapiganaje vita hivi ndani ya kondo?

Alichokuta ni bwawa lililochafuka. Katika makondo yaliyoshambuliwa, upande wa damu ya mama ulijaa chembe nyekundu zenye vimelea, pamoja na vumbi jeusi ambalo vimelea huliacha baada ya kula damu. Na pale ndani walikuwa wamekusanyika askari wa mwili, zile chembe kubwa zinazomeza uchafu na wadudu, kwa wingi mno, kana kwamba mwili umeita jeshi zima kwenye chumba kimoja. Wanapopigana, nao pia wanaziba njia.

Jambo linalosumbua zaidi katika ugonjwa huu, na ambalo wachunguzi wa makondo wamelikuta tena na tena, ni kwamba mama mwenyewe anaweza kuwa anatembea, anapika, anachota maji, hana homa, na damu ya kidole chake haionyeshi kimelea hata kimoja. Vita iko ndani ya kondo peke yake. Mtoto, ambaye damu yake mara nyingi haina vimelea, ndiye anayekosa chakula na hewa. Anazaliwa na uzito mdogo, chini ya kilo 2.5, au anazaliwa kabla ya siku zake, au anafia tumboni. Mama naye anabaki na upungufu wa damu unaoweza kumuua akitokwa na damu kidogo tu wakati wa kujifungua.

Hapa niseme langu. Historia imelihifadhi jina la daktari. Wanawake ambao makondo yao yaliwekwa chini ya hadubini hawakuandikwa majina, wala hatuwezi kuwataja leo. Lakini kila kinachojulikana kuhusu malaria ya mimba katika ukanda wetu kilianzia kwenye miili yao.

Kima, inzi na ini

Garnham hakubaki kwenye kondo. Mtu yule alikuwa na hamu ya kila kidudu. Aliongoza shughuli za magonjwa yanayoenezwa na wadudu huko Nairobi, na pamoja na mwenzake McMahon alifanya kazi kubwa ya kumaliza usubi, inzi mdogo anayeeneza upofu, katika eneo moja la magharibi mwa Kenya kwa kutia dawa ya DDT kwenye vijito. Taarifa yao ilitoka mwaka 1947. Ndugu zetu wa Tukuyu na Mahenge wanaomjua usubi wataelewa uzito wa kazi hiyo.

Lakini jambo lililomtia kwenye vitabu vyote ni la kima. Katika damu ya kima wa Kenya kulikuwa na kimelea, jamaa wa malaria, ambaye hakuonekana akizaliana ndani ya damu. Alionekana amekomaa tu, akisubiri kunyonywa na mdudu mwingine. Garnham akajiuliza anazaliana wapi. Alipopasua maini ya kima akakuta jibu: vivimbe vidogo vyenye maji, vingine vikubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, vimejaa vimelea vichanga.

Kwa nini hilo ni kubwa? Tangu Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897 kwamba vimelea vya malaria hukua ndani ya mbu, palibaki fumbo. Mbu akikuuma leo, vimelea vinatoweka kwenye damu kwa siku kadhaa, kisha vinarudi kwa maelfu. Vilikuwa wapi? Kwa nusu karne madaktari walibishana. Kima wa Kenya walimnong'oneza Garnham kwamba atazame ini.

Mwaka 1947 alirudi London kufundisha katika chuo cha afya na tiba ya magonjwa ya nchi za joto. Huko aliungana na Henry Shortt. Wakachukua nyani wa Kiasia, wakamwachia mbu wapatao 500 wenye malaria wamuume, na mbu hao baadaye wakasagwa wakadungwa ndani ya mnyama huyo huyo. Siku ya saba wakachunguza ini lake. Vimelea vilikuwemo. Mapema mwaka 1948 walitangaza, na mwaka huo huo, wakiwa na wenzao, wakavikuta kwenye ini la binadamu.

Fumbo la miaka 50 likafunguka. Leo dawa na chanjo za malaria zinazolenga vimelea kabla havijaingia kwenye damu, ikiwemo chanjo za watoto zinazotolewa sasa katika nchi kadhaa za Afrika, zinaanza safari yao hapo kwenye ini.

Garnham akawa profesa mwaka 1952, akastaafu ualimu 1968, na mwaka 1964 alichaguliwa kuingia katika Royal Society, baraza kuu la wanasayansi wa Uingereza. Mwaka 1966 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya vimelea vya malaria, kurasa zaidi ya 1,000. Hata kustaafu hakukumtuliza: mwaka 1980, akiwa anakaribia miaka 80, jina lake lilikuwa miongoni mwa watafiti walioonyesha vimelea vinavyolala usingizi kwenye ini na kuamka baadaye kumrudishia mtu ugonjwa. Alifariki tarehe 25 Desemba 1994. Vioo vyake vya hadubini, vilivyokusanywa kwa maisha mazima, vimehifadhiwa katika makumbusho ya viumbe huko London.

Ukisoma wasifu wake, ini ndilo linalotajwa kwanza. Kondo linapata mstari mmoja, au halipati kabisa. Mimi naona si sawa, lakini naelewa ilivyokuwa. Ini lilijibu swali la wanasayansi wakubwa. Kondo lilikuwa swali la wanawake, na maswali ya wanawake yalisubiri.

Kazi iliyoendelea bila yeye

Yalisubiri muda gani? Mwaka 1968 mtafiti Patrice Jelliffe alichapisha matokeo ya uchunguzi wa makondo zaidi ya 500 mjini Kampala, Uganda. Watoto waliotoka kwenye makondo yenye malaria walikuwa wepesi kwa wastani wa takriban robo kilo. Robo kilo ukiipima ya sukari dukani unaiona ndogo. Kwa mtoto wa kilo mbili na nusu, ni sehemu ya kumi ya mwili wake.

Swali jingine lilibaki. Kwa nini kondo? Na kwa nini mimba ya kwanza ndiyo inayoumia zaidi, wakati mama huyo huyo katika mimba ya tatu au ya nne anaonekana kuwa na nafuu? Maelezo ya zamani yalisema mimba inalegeza kinga yote ya mwili. Kama ndivyo, mimba ya nne ingelegeza kama ya kwanza.

Jibu lilikuja mwaka 1996, miaka miwili tu baada ya Garnham kufariki, na lilitoka magharibi mwa Kenya, ukanda ule ule wa ziwa alioanzia yeye. Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba vimelea vinavyokaa kwenye kondo ni vya namna yake. Vina kama kulabu inayonasa kwenye kitu fulani kilichopo kwenye ngozi ya vijitawi vya kondo. Mwanamke asiye na mimba hana kondo, kwa hiyo vimelea vya kulabu hiyo havina pa kushika kwake, na mwili wake haujawahi kukutana navyo. Anapobeba mimba ya kwanza, chumba kipya kinafunguliwa na mgeni asiyejulikana anaingia. Kufikia mimba zinazofuata, mwili unakuwa umeshaijua kulabu na kutengeneza kinga ya kuizuia, jambo ambalo watafiti hao walilithibitisha mwaka 1998. Baadaye walihamia Tanzania, katika hospitali ya Muheza mkoani Tanga, na kuwafuatilia mamia ya akina mama na watoto wao kuanzia mwaka 2002.

Kwa hiyo usishangae ukisikia muuguzi anamkazania binti wa mimba ya kwanza kuliko mama wa watoto watano. Na kwa mwanamke wa nyanda za juu, ambako malaria ni chache, hata mimba ya tano haimpi uhakika huo, kwa kuwa huenda hajawahi kukutana na kimelea hicho.

Dawa nayo ina safari yake, na jirani zetu ndio waliotangulia. Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, ilianza mwaka 1993 kuwapa wajawazito SP kwa vipindi, baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba makondo ya waliokunywa SP yalikuwa safi kuliko ya waliotegemea klorokwini. Tanzania ikaingiza utaratibu huo mwaka 2001. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linataka mjamzito apewe kila anapohudhuria kliniki kuanzia miezi mitatu ya mwanzo inapopita, kukiwa na angalau mwezi mmoja kati ya dozi na dozi, na zifike tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Dozi moja ya vidonge vitatu inasafisha kondo na kulilinda kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana haisubiri kipimo cha kidole, kwani kidole kinaweza kusema hapana wakati kondo linasema ndiyo.

Mambo mawili matatu ambayo watu wanatuuliza hewani tuyaweke hapa. SP haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya Ukimwi hapewi SP, dawa hizo mbili hazikai pamoja. Amweleze muuguzi, hata kama amehamia kliniki mpya ambako hawamjui. Vidonge vya foliki vya nguvu kubwa, miligramu 5, vinaipunguzia SP nguvu; vile vidogo vya kliniki havina shida hiyo. Na SP si tiba ya mjamzito mwenye homa. Mwenye homa apimwe na kutibiwa kwa dawa yake. Chandarua chenye dawa kinabaki pale pale, kila usiku, hata wa baridi ya Tunduma, maana mzigo wa mbu haukaguliwi mpakani.

Hatuwezi kuficha kwamba SP imezeeka. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki vimelea vimejifunza kuikwepa, na Tanzania iliacha siku nyingi kuitumia kutibu wagonjwa. Watafiti wa Kenya, Malawi na Tanzania walijaribu dawa mpya zaidi mahali pake, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yakawashangaza wengi: dawa mpya ilizuia malaria vizuri zaidi, lakini watoto hawakuzaliwa na hali bora kuliko wale wa SP. Inaonekana SP ina faida nyingine kwa mama na mtoto nje ya malaria, na bado inachunguzwa. Kwa sasa inaendelea kutolewa.

Ukubwa wa tatizo haujapungua sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 mimba zaidi ya milioni 12 katika nchi za Afrika zenye malaria nyingi zilipata maambukizi.

Kinachotafutwa sasa ni chanjo ya kulabu yenyewe, ambayo binti angepewa kabla hajashika mimba ya kwanza, ili mwili uwe umeshamjua mgeni kabla chumba hakijafunguliwa. Chanjo mbili za aina hiyo zimeshajaribiwa kwa watu wachache, moja Ujerumani na Benin, nyingine Ufaransa na Burkina Faso. Hazikuleta madhara makubwa na mwili ulizitambua, ila kinga ilishika zaidi kimelea cha aina moja kuliko nyingine, na vimelea vya kondo ni vya aina nyingi. Kazi ya maabara inaendelea.